Kijana Akisema Hakuna Mungu

  

Leo tunajibu barua. Imetoka kwa dada mmoja anayesoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo hapa nchini. Jina lake hatutalitaja. Anaandika kwamba ndugu yake mdogo, naye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja nyumbani kwa sikukuu ya Krismasi. Baba yao alipomwambia aombee chakula, alikataa kwa adabu, akasema haamini tena kwamba yuko wa kuombwa. Baba yao ni mzee wa kanisa. Chakula kilipoa mezani. Tangu siku ile baba hasemi na kijana wake, na ametangaza kwamba muhula ujao hatalipa karo ya mtu asiyemjua Mungu. Dada huyu anauliza mambo mawili: ndugu yake amjibu nini, na baba yake amwambie nini.

Tutaanza na la baba, kwa sababu siku zinakwenda na vyuo vinakaribia kufunguliwa. Mzee wetu, kama unatusikiliza, twakusihi, lipa karo. Imani haikuingia kwa kijana wako kwa njia ya karo, wala haitarudi kwa kunyimwa karo. Ukimfukuza, utakuwa umempa hoja nyingine ya kuongeza juu ya zile alizo nazo, na hiyo itakuwa nzito kuliko zote alizozisoma vitabuni. Mtume Yuda, katika waraka wake mfupi, mstari wa 22, ametuagiza kuwahurumia walio na mashaka. Hakusema tuwakatie matumizi.

Tena kuna jambo ambalo pengine kwa uchungu wako hukuliona. Kijana huyu angeweza kufumba macho, akatamka maneno mawili matatu, akasema Amina, kisha akala wali na kuku kwa amani. Wako wengi wafanyao hivyo kila Jumapili, na wengine wao huketi viti vya mbele. Yeye alikataa kusema uongo mbele ya baba yake. Ukweli huo aliufundishwa nyumbani kwako. Mwenye kusema kweli juu ya kutoamini kwake yu karibu kusaidiwa kuliko mwenye kuomba kwa midomo.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue kwamba hayuko peke yake. Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya 755,750 waliandikishwa kuwa hawana dini au hawaamini kwamba kuna Mungu. Ni sehemu ndogo ya taifa la watu zaidi ya milioni 47, lakini si watu wa kuhesabika kwa vidole. Wala asidhani mtu kwamba jambo hili huzuka katika nyumba za wengine tu. Richard Dawkins, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 cha kuipinga imani hupitishwa mkono kwa mkono vyuoni, alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1941, akalelewa katika Kanisa la Anglikana.

Pia neno lenyewe lisitutishe. Katika karne ya pili ni sisi Wakristo tulioitwa wakana Mungu. Warumi walituona hatuna sanamu, hatuna dhabihu, hatumfukizii Kaisari uvumba, wakasema, hawa hawana Mungu. Justino, aliyeuawa kwa ajili ya imani, ilimbidi aandike kwa Kaisari kulijibu shtaka hilo. Na mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, aliposimamishwa uwanjani ili auawe, liwali alimwamuru aseme kwamba wakana Mungu waondolewe, maana yake awakane Wakristo wenzake. Mzee yule aliutazama umati uliokuwa ukipiga kelele, akawanyoshea mkono wao, ndipo akayasema maneno aliyoamriwa. Basi neno hili limewahi kuvaliwa na watakatifu. Tusilirushe ovyo kama jiwe.

Kwa hiyo, dada yetu, kabla ya kumjibu ndugu yako, muulize. Muulize ni Mungu yupi asiyemwamini, na tangu lini, na ilikuwaje. Utashangaa. Mara nyingi mungu anayekanwa ni yule wa mahubiri mabaya: mungu agawaye magari kwa watoao sadaka kubwa, au askari wa mbinguni mwenye rungu. Mungu huyo hata sisi hatumwamini. Na hapa hatuna budi kutaja Shakahola. Mwaka 2023 nchi nzima ilitazama miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, watu wazima na watoto, ambao ilielezwa kwamba waliambiwa wafunge hata kufa ili wamwone Yesu. Kijana aliyeyatazama hayo, kisha akasema kwamba dini huua, atajibiwaje? Asijibiwe kwa kuambiwa kwamba wale hawakuwa wenzetu, kisha tukanyamaza. Ajibiwe kwamba amekasirika kwa haki, na kwamba Bwana mwenyewe, katika Mathayo 23, aliwakasirikia viongozi wa dini kwa maneno makali kuliko yoyote aliyowaambia watoza ushuru. Kisha tuufanye mkutano wetu wenyewe uwe mahali ambapo mchungaji huulizwa maswali.

Lakini labda ndugu yako ni mtu wa sayansi, naye amesadiki kwamba sayansi imemaliza kazi ya Mungu. Hapo tumsemeshe kwa mfano. Kengele ya kanisa inalia. Kwa nini inalia? Mwanafunzi wa fizikia atasema: chuma kimegongwa, kikatetemeka, kikaitetemesha hewa, na hewa imeifikia ngoma ya sikio. Amesema kweli tupu. Mtunza kanisa atasema: inalia kwa sababu ni saa tatu, na watu wanaitwa ibadani. Naye amesema kweli tupu. Jibu la kwanza haliliondoi la pili. Yule aliyepima sauti ile mpaka akaijua kwa ukamilifu hajathibitisha kwamba hapakuwa na mtu aliyevuta kamba. Sayansi huuliza jinsi mambo yatendekavyo, na kazi hiyo huifanya vizuri mno. Swali la kwa nini pako kitu chochote kile, badala ya utupu, halimo katika vipimo vyake.

Tukitaka ushahidi kwamba mambo haya mawili hukaa katika kichwa kimoja, tumtazame Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mtaalamu wa hesabu. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja kidogo mno. Wataalamu kadhaa hawakulipenda wazo la mwanzo. Lilinukia Kitabu cha Mwanzo. Fred Hoyle wa Uingereza, ambaye hakumwamini Mungu, ndiye aliyelipatia jina la mlipuko mkuu mwaka 1949, naye alilitamka redioni, katika mazungumzo kama haya yetu. Kisha mwaka 1965 ikatangazwa kwamba wataalamu wawili wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, wamenasa katika chombo chao mvumo hafifu utokao pande zote za anga, masalio ya joto la mwanzo ule. Lemaître alipata habari hizo akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1966.

Yapendeza kuisimulia habari hii, lakini tusiishike vibaya. Papa Pius wa 12 alipoanza kuitumia mwaka 1951 kana kwamba ndiyo uthibitisho wa uumbaji, Lemaître mwenyewe hakufurahi. Alijua kwamba nadharia za sayansi hurekebishwa, na mwenye kuiegemeza imani yake juu ya nadharia ya leo ataanguka nayo ikianguka kesho. Huyo ndiye Mkristo mwanasayansi: haogopi ukweli wowote, wala hamtumii Mungu kuziba mashimo ya elimu yake.

Hali kadhalika habari ya mifupa. Sisi Wakenya twaishi juu ya hazina. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa nchi hii, alikiona huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kipande cha fuvu kilichowaongoza wenzake kwenye mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Vijana wetu huipeleka habari hiyo kwa wachungaji, na wachungaji wengine huwaambia wachague moja, Biblia au jumba la makumbusho. Shauri hilo ni baya, na limeyajaza mabweni watu waliochagua makumbusho. Frederick Temple alisema wazi huko Oxford mwaka 1884, akiwa askofu, kwamba Mungu aweza kuumba kwa njia ya mabadiliko ya polepole. Na mwaka 1896 akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury. Na zamani zaidi, yapata miaka 1,600 iliyopita, Mwafrika mwenzetu Augustino wa Hippo aliwaonya Wakristo wasizungumze upuuzi juu ya mbingu na nchi mbele ya watu wanaozijua, kwa kuwa watu hao watauliza: kama Maandiko yenu yamekosea katika mambo tunayoyajua, tutayaaminije katika habari ya ufufuo? Wasikilizaji wanaotofautiana nasi katika kuzisoma sura za kwanza za Mwanzo ni ndugu zetu, nasi twawaheshimu. Tunachokiomba ni kwamba tofauti hiyo isifanywe mlango wa kumtolea kijana nje ya kanisa.

Wako pia wasemao kwamba Mungu ililetwa na wazungu pamoja na bendera. Hilo halihitaji muda mrefu. Padre John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na padre wa kanisa letu, alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka karibu jamii 300 za Afrika, akachapisha vitabu vyake mwaka 1969 na 1970. Ngai, Nyasaye, Were, Asis, Akuj: majina haya yaliitwa juu ya milima na kando ya maziwa kabla Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844. Mwanafunzi msomaji atasema kwamba Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga Mbiti, akamshtaki kuwa ameivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Ni kweli alimpinga, na wote wawili wasomwe. Tena wengi kuamini si uthibitisho kwamba jambo ni kweli. Latosha kusema kwamba swali la Mungu ni letu wenyewe, halikuja kwa meli.

Basi tumefika penye uchungu. Twahofu kwamba ndugu yako, akiulizwa vema, hatasema habari za nyota wala za mifupa. Atasema habari za mtu aliyekufa.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili mwaka 2015, ambayo ilikuwa Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuamka, wamekusanyika katika maombi. Waliulizwa dini zao, na jibu lao likawa kifo chao. Kila mwanafunzi Mkenya aijuaye habari hiyo amewahi kuuliza: walikuwa wakiomba, na aliyeombwa alikuwa wapi?

Katika vyuo swali hili lina umbo lake. Mwanafalsafa J. L. Mackie, Mwaustralia, aliandika mwaka 1955 kwamba mtu hawezi kushika mambo matatu pamoja: kwamba Mungu ni mwema kabisa, kwamba ana uwezo wote, na kwamba uovu upo. Mkristo wa Marekani, Alvin Plantinga, alimjibu katika kitabu cha mwaka 1974. Alieleza kwamba upendo wa kweli hudai uhuru, na mwenye uhuru wa kweli aweza kuutumia kuua. Hata Mwenyezi hawezi kumlazimisha mtu atende mema kwa hiari, kwa maana kulazimisha hiari ni maneno yasiyo na maana. Mackie mwenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1982 baada ya kufa kwake, alikubali kwamba mafundisho makuu ya imani hayapingani yenyewe kwa yenyewe kwa sababu ya kuwapo kwa uovu, ingawa aliendelea kuuona uovu kuwa hoja nzito. Jibu la Plantinga ni jema, na mwanafunzi alijifunze. Lakini ni jibu la darasani. Haliwezi kupelekwa kwa mama aliyeufunua uso wa bintiye katika chumba cha maiti, na anayelipeleka huko hajui kazi ya uchungaji.

Kuna jambo la pili ambalo laweza kusemwa kwa upole. Ndugu yako anapolia kwamba yaliyotendeka Garissa ni maovu, hasemi kwamba hakuyapenda tu, kama mtu asiyependa chumvi nyingi. Anasema ni maovu kweli, hata kama waliotenda waliyaona mema, hata kama dunia yote ingewasifu. Sasa kipimo hicho amekitoa wapi? Kama ulimwengu ni mawe na moto na bahati tu, mawe hayamdhulumu mtu. C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford, alikuwa mkana Mungu, na hoja yake kubwa ilikuwa udhalimu wa dunia. Ameeleza kwamba swali hili hili ndilo lililomrudi: aliujuaje upotovu wa mstari bila kuwa na habari ya mstari ulionyoka? Alikiri kwamba kuna Mungu, akawa Mkristo mwaka 1931, na wakati wa vita, kuanzia mwaka 1941, akawaeleza Waingereza imani yake kwa redio. Lakini angalieni, wapenzi, tusiseme kamwe kwamba wasioamini hawana maadili. Wanayo, na wengine wao hutuaibisha. Tunachouliza ni chemchemi tu.

La tatu si hoja. Biblia haimnyamazishi anayelalamika. Imempa kitabu kizima, Ayubu, na mwisho wa kitabu hicho, sura ya 42, Mungu awakasirikia marafiki waliomtetea kwa maneno matamu, amsifu yule aliyelalamika. Zaburi nyingi ni vilio. Zaburi ya 22 yaanza kwa kuuliza kwa nini Mungu amemwacha mwombaji, na swali hilo hilo Bwana wetu aliliita kwa sauti kuu juu ya msalaba, Ijumaa, mchana wenye giza. Wale vijana waliuawa siku ya Alhamisi ambayo usiku wake Yesu naye aliomba bustanini, akiwa amekwisha kusalitiwa, na kikombe hakikuondolewa. Hatuambiwi kwa nini. Twaambiwa tu alikokuwa Mungu: hakuwa ametazama kwa mbali. Watu wanaomhubiri Mungu asiyeweza kujeruhiwa wana kazi ngumu kuliko sisi.

Na yote husimama au huanguka hapo, maana kama yule aliyesulubiwa hakufufuka, haya tunayoyasema ni faraja tupu, naye kijana afanya vema kutuacha. Si sisi tulioliweka sharti hilo. Ni Paulo, katika 1 Wakorintho 15. Aliandika yapata mwaka 55, miaka isiyozidi 25 baada ya msalaba, akataja mashahidi kwa majina na wengine zaidi ya 500, akaongeza kwamba wengi wao wangali hai. Ni kama kusema, nendeni mkawaulize. Kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato hata Tasito, mwandishi wa Kirumi aliyetudharau, ameliandika. Kwamba alifufuka, Tasito hakusema. Hilo ni la mashahidi wale. Basi dada, ukimaliza kusikiliza, mwombe ndugu yako ajifunze jambo hili moja kwa ukali ule ule anaoutumia katika masomo yake. Asome Injili ya Marko kwa usiku mmoja, kama mtu anayesoma taarifa ya mashtaka. Usimsimamie.

Tena usimwombee kwa sauti kubwa mezani ili asikie. Mwombee chumbani. Mwite kwenye chakula, na baba yenu aombe mwenyewe. Kama chuoni kuna kasisi, au wenzake Wakristo wanaoweza kukaa na swali bila kutoka jasho, wajulishane. Kijana akitaka kuja kanisani aketi nyuma, asiseme Kanuni ya Imani, aachwe aketi. Tomaso alikaa na wenzake juma zima bila kuamini, na Yohana 20 haisemi kwamba walimtoa chumbani.

Wale waliotuandikia wakiuliza juu ya Kitabu cha Ayubu, tukijaliwa tutakifungua juma lijalo, saa kama hii. Barua zenu zinatufikia. Wanafunzi, andikeni, hata msioamini. Hadi hapo, kwaherini.